Gego moja likitoka mdomo mzima unahama: nilivyorudi kutafuna pande zote mbili

Nilipovaa waya za meno nikiwa mtu mzima, tena mwenye watoto wakubwa, karibu kila aliyeniona alijua natafuta tabasamu. Meno yangu ya mbele hayakua na shida ya kusema. Nilivaa waya kwasababu nilikua na meno ya kutosha mdomoni na bado siwezi kutafuna, upande wa kushoto ulikua upo upo tu hauna kazi, na naandika haya nikijua kuna watu wengi sana wana pengo la gego huko nyuma, halionekani wakicheka, haliumi, wanaona hilo limeshaisha. Halijaisha. Jino likitoka ndo mambo mengine yanaanza, polepole mno, ndio maana mtu hashtuki.

Langu lilikua gego la kwanza la chini kushoto, liling'olewa nikiwa bado shule. Hilo gego linawahi kupotea kwa watu wengi na sababu yake inaeleweka. Linaota mtoto akiwa na miaka kama 6 hivi, linatokea nyuma kabisa ya magego ya utoto bila jino lolote kung'oka kulipisha, kwaio nyumbani wanahesabu ni la utoto litatoka lenyewe. Kumbe ni la kudumu, na ndo linatangulia magego mengine yote ya ukubwani kuingia kwenye sukari, wakati mtoto mwenyewe hajui hata kupiga mswaki huko nyuma. Mwenye mtoto wa umri huo naomba leo leo umwambie afungue mdomo uangalie.

Sasa kilichotokea baada ya pale ni hiki. Jino halijagandana na mfupa, kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi nyembamba, unene wake kama milimita 0.2 tu, hizo ndo zinalishikilia, na jino linabaki mahali pake kwasababu lina majirani mbele na nyuma alafu lina mwenzake wa upande wa pili linalokutana naye kila ukitafuna. Ukiliondoa moja, wote waliokua wanalitegemea wanaanza kuhama. Gego la pili la chini, lile lililokua nyuma ya pengo, likaanza kulalia mbele mpaka likawa limeinama vibaya sana. Gego dogo la mbele yake nalo likarudi nyuma kidogo, likaacha kauwazi kati yake na jino lingine. Na la juu, ambalo halikua na mtu wa kukutana naye, likashuka. Linashuka na mfupa wake na ufizi wake, ukilitazama unadhani limerefuka, mpaka mwishoni langu lilikua limebakiza nafasi ndogo tu ligonge ufizi wa chini pale kwenye pengo.

Hapo ndo kutafuna kunapovurugika. Gego lililolala halikutani na la juu kwa uso wake wa kutafunia, linakutana kwa kona. Lile lililoshuka linakua kizuizi, nikitaka kusogeza taya pembeni nisage chakula linakwama, kwaio taya likajifunza njia yake ya kukwepa, nafunga mdomo alafu linateleza kidogo kwenda kulia ndo meno yanakaa. Nilikua sijui kama nafanya hivo mpaka daktari aliponiwekea kidole shavuni akaniambia funga taratibu. Misuli ya shavu la kulia ilikua inachoka jioni. Na mbele ya lile gego lililolala palikua na kishimo chini ya ufizi ambacho mswaki haufiki, chakula kinajazana pale, ufizi unatoka damu, ukoga unajenga, na mfupa wa hapo ulishaanza kuliwa.

Nilivyoenda kwa daktari wa kwanza alitaka kuniwekea daraja, yani anasaga jino la mbele ya pengo na la nyuma anavisha kofia mbili zilizoshika jino la bandia katikati. Daraja ni tiba nzuri tu kwa wengi sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini kwa jino lililolala kama langu ili kofia iingie ingebidi asage sana upande mmoja, unaweza kufika kwenye mshipa, na bado nguvu ya kutafuna ingekua inaliangukia jino likiwa limeinama. Na la juu je? Lingebaki pale pale limeshuka, kwaio hata hilo jino la bandia lingekua kafupi sana kwasababu nafasi haipo. Nilimuuliza hilo la juu tutalifanyaje, sikupata jibu lililoniridhisha, nikaomba picha zangu nikaenda kwa mwingine.

Huyu wa pili ndo aliyenipeleka kwa mtaalamu wa kupanga meno. Yule dada nitamshukuru siku zote kwa namna alivyonianza. Hakuniambia habari ya meno kunyooka, alichukua karatasi nyembamba yenye rangi akaiweka katikati ya meno akasema gonga gonga, alafu akanipa kioo. Upande wa kulia ulikua na alama karibu kila gego. Kushoto palikua na nukta moja, kwenye kona ya gego lililolala. Akasema, "Dada yangu, nguvu yote ya upande huu inatua hapo peke yake. Kabla ya kujaza pengo inabidi majirani warudi kwenye nafasi zao."

Mpangilio aliouweka ulikua hivi: fizi kwanza, alafu waya, alafu jino la kujaza pengo, alafu vya kushikilia. Na ukiuliza kwanini jino la kupandikiza lisiwekwe kwanza ili mtu aanze kula mapema, sababu ipo na ni nzuri kuijua. Kipandikizi ni skrubu ya titani, na titani ikikaa kwenye mfupa inashikana nao kabisa, jambo ambalo Mswidi Per-Ingvar Brånemark ndo alilitambua na mgonjwa wake wa kwanza akawekewa mwaka 1965. Kwasababu imeshikana na mfupa na haina zile nyuzi nilizosema, waya haiwezi kuihamisha. Popote utakapoiweka ndo itakaa hapo hapo. Ukiiweka majirani wakiwa wamelala unajifungia ule ubaya ndani. Kuna kesi madaktari wanaiweka mapema kwa makusudi wapate kitu imara cha kuvutia meno mengine, ila hiyo ni hesabu ya kitaalamu inayopigwa mapema kabisa.

Aliniambia pia kuna njia ya kuziba pengo bila kipandikizi, kulivuta gego la nyuma lote mpaka mbele, hasa ukiwa na gego la mwisho lenye afya la kuja kuchukua nafasi yake. Kwangu halikuepo, na mfupa wa kwenye pengo ulishakonda. Mfupa ukikosa jino unapungua, upana wake unaweza kupungua hadi karibu nusu ndani ya mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa inaondoka miezi ya mwanzo mwanzo. Mi wangu ulikua na miaka mingi. Kuburuta gego kwenye mfupa mwembamba vile ni kazi ndefu na ya hatari kwa ufizi, kwaio tukakubaliana: kulisimamisha lililolala, kulipandisha lililoshuka, kuongezea mfupa, alafu kipandikizi.

Fizi zilichukua muda kuliko nilivotegemea na sikuruhusiwa kuruka hiyo hatua. Waliondoa ukoga mpaka chini ya ufizi, wakapima vina vya vile vishimo kwa kale kachuma kenye alama za milimita, wakasubiri, wakapima tena. Ukisogeza jino wakati ufizi una maambukizi mfupa unaondoka kwa kasi, unaweza kumaliza matibabu jino limenyooka vizuri na halina mfupa wa kulishika. Kama kuna daktari anataka kukubandikia waya siku ya kwanza fizi zinavuja damu, muulize. Waliniuliza pia kama navuta sigara, kama nina kisukari, na kama natumia dawa za mifupa kundi la bisfosfoneti, maana hizo zinagusa namna mfupa unavyojijenga na kujivunja, na meno yanahama kwa huo huo utaratibu. Kama unameza dawa yoyote ya muda mrefu itaje hata kama unaona haihusiani na meno.

Na huo utaratibu wenyewe nilipoeleweshwa nilitulia sana, nikaacha kusukuma wafanye haraka. Waya inalibana jino upande mmoja, upande unaobanwa seli zinakula mfupa, upande unaovutwa seli nyingine zinajenga mfupa mpya, jino linasogea. Mambo yakienda vizuri ni kama milimita 1 kwa mwezi. Nguvu inatakiwa iwe ndogo. Ukiongeza nguvu haliendi haraka zaidi, damu inakatika kwenye zile nyuzi, jino linasimama kwanza, maumivu yanazidi na mzizi unaweza kuliwa ukafupika. Kwaio ukiona daktari wako anaweka kiwaya chembamba miezi ya mwanzo unahisi hakuna kitu kinafanyika, muache.

Lililolala la chini walilibandikia kibomba kidogo pembeni, wakaweka springi inayolisukuma lisimame. Ilikua kama kunyanyua nguzo ya uzio iliyolala, ikisimama inakua ndefu kuliko ilivokua imelala. Na hiki ndicho ambacho ningependa kila mtu aambiwe kabla, kwasababu kilinitisha sana: gego likianza kusimama kona yake inapanda, inaanza kugonga la juu kabla ya meno mengine hayajakutana, kwa kipindi kile nilikua nikifunga mdomo nakutana na jino moja tu na kwingine kote hewa. Nikawa nala vilaini tu. Niliona kama mng'ato wangu umeharibiwa zaidi ya mwanzo. Daktari alikua analitegemea hilo, kila nikienda anaweka ile karatasi ya rangi anapunguza kidogo sana pale juu ya jino panapogonga, na wakati huo huo la juu linapandishwa. Vile viwili vilikua vinakwenda pamoja, ndo mantiki yake.

Kulipandisha la juu ndo sehemu iliyonishangaza kuliko zote. Kusukuma gego la mtu mzima lirudi juu ndani ya mfupa zamani ilikua shida mno kwasababu ukilivuta kwa kutumia meno ya jirani, majirani wanashuka. Siku hizi wanatumia viskrubu vidogo, urefu milimita 6 mpaka 10 hivi na unene haufiki hata milimita 2, vinaingizwa kwenye mfupa kwa ganzi kidogo. Kimoja kiliingia upande wa shavu na kingine upande wa kaakaa, alafu raba ikapita inalivuta jino kutoka pande zote mbili. Lazima ziwe pande mbili, ukivuta upande wa shavu peke yake jino linapinduka nje. Sindano ya ganzi ya kwenye kaakaa inauma kuliko ya shavuni, hiyo nasema ukweli, ila kuingiza kiskrubu chenyewe nilihisi msukumo tu sikuhisi maumivu. Kile cha ndani kililegea baadae, inatokea hata kwa mikono mizoefu, wakakitoa wakaweka kingine pembeni kidogo. Kuvitoa mwishoni hata ganzi sikuhitaji, vilifunguliwa tu na kidonda kikafunga chenyewe.

Katikati ya matibabu tulipiga tena eksirei kuangalia kama mizizi inafupika, maana kulisukuma jino juu ni moja ya miondoko inayoupa mzizi mzigo. Mizizi ilikua salama. Hiyo picha ya katikati usikubali iachwe.

Maumivu ya kawaida ya waya yanakua makali kama siku moja baada ya kukazwa alafu yanashuka ndani ya wiki. Mi niliambiwa nikihitaji dawa nitumie parasetamoli, kwasababu dawa za jamii ya ibuprofeni zinazuia kemikali ambazo jino linazihitaji ili lisogee. Nta ya kuweka juu ya chuma kinachochubua shavu ibebe kila mahali. Na usafi ndugu zangu, usafi wa mtu mzima aliyewahi kuugua fizi si sawa na wa kijana wa miaka 14. Kabrashi kadogo ka kupitisha katikati ya meno na chini ya waya kalikua mfukoni mwangu muda wote, na kwenye vile viskrubu nilikua napitisha taratibu kwasababu ufizi ukivimba pale ndo kinalegea. Kila baada ya miezi michache nilikua narudi kwa upande wa fizi wanasafisha na kupima vishimo upya, tofauti kabisa na zile siku za kukaza waya.

Kuna kitu kingine nilikipata ambacho hakuna aliyeniahidi. Kile kishimo mbele ya gego lililolala, baada ya jino kusimama, kikawa kifupi. Mswaki ukaanza kufika. Kabla ya hapo hata ningekua na bidii namna gani pale pasingekua safi kwasababu umbo lenyewe lilikataa. Watu wanasema mtu mzima avumilie tu meno yake yalivyo, na mimi nakataa kabisa, jino lililolala ni jino linalougua taratibu, na kulisimamisha ni kuliokoa. Umri peke yake hauzuii, mfupa wa mtu wa miaka 50 nao unajijenga na kujivunja, unaenda polepole kidogo kuliko wa mtoto. Kinachozuia ni fizi na mfupa visipokua na afya.

Nafasi ilipofunguka vya kutosha, daktari wa waya na yule wa kipandikizi walikaa na picha ya pande tatu, na hapa naomba msisitize sana kwa madaktari wenu kwamba waongee wao kwa wao na sio wewe uwe unabeba maneno kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kipandikizi kinatakiwa kiwe mbali na jirani angalau milimita 1.5 kila upande, na mizizi ya majirani iwe wima kwa ndani, isiwe kichwa cha jino kimesimama na mzizi bado umeinamia kwenye pengo. Kwa macho nafasi ilikua tayari. Picha ikaonyesha mzizi wa gego dogo umeegemea ndani, nikarudi kwenye waya kwa muda. Nilikua nimeshajiandaa kuvuliwa siku ile, niliumia, lakini skrubu ikigonga mzizi unaweza kupoteza jino zima lenye afya.

Wakaongezea mfupa, kipandikizi kikaingia, kikaachwa miezi kadhaa kishikane na mfupa kabla ya kubeba kofia, yani jino la bandia linalokaa juu yake. Wakati huo majirani walizuiliwa na kipande cha waya kilichogandishwa kwenye meno mawili yanayozunguka pengo, na la juu likashikiliwa na ritena ya plastiki, yani kifaa cha kuvaa kinachozuia meno yasihame. Usiruhusu kukaa na nafasi wazi bila kitu cha kushikilia, hata kwa muda mfupi, kwasababu zile nyuzi za kwenye ufizi zinabaki zimevutika kwa muda mrefu, zinakaribia mwaka kujipanga upya, na muda wote huo zinalivuta jino lirudi lilikotoka.

Siku ya kofia ilichukua muda mrefu kuliko nilivodhani maana daktari alikua anaweka karatasi ya rangi, nagonga, anasaga kidogo, nasogeza taya kulia, kushoto, mbele, anasaga tena. Aliifanya kofia iguse kwa wepesi kuliko majirani zake, akanieleza kwamba jino la asili likibanwa linazama kidogo kwenye nyuzi zake na kipandikizi ni kama hakizami, kwaio vikigusa sawasawa wakati wa kugonga polepole, ukitafuna kwa nguvu kipandikizi ndo kitabeba mzigo wote. Alipomaliza kioo kilionyesha alama kushoto kwenye magego yote, nukta ndogo ndogo zimetawanyika. Taya halitelezi tena kwenda kulia nikifunga. Kutafuna upande wa kushoto kulichukua wiki kadhaa kurudi, ilibidi niwe naupeleka chakula huko kwa makusudi kwasababu ulimi na misuli vilishazoea njia ya kulia, na misuli ya shavu la kushoto ilikua inachoka haraka mwanzoni alafu ikakaa sawa.

Ritena navaa usiku na nimeshaambiwa ni ya kudumu. Kipandikizi nacho kina jambo lake: chenyewe hakihami, lakini meno ya asili yanaendelea kusogea kidogo kidogo maisha yote, kwaio baada ya miaka kati ya kofia na jirani panaweza kufunguka kauwazi chakula kikaanza kuingia. Nikienda kuangaliwa huwa naomba apitishe uzi pale kuona kama bado panabana, aangalie ufizi unaozunguka kipandikizi, na aweke tena ile karatasi ya rangi pande zote mbili.